Kondansateri za Kiringye

Jumatatu, tarehe 4
Nimefungua atelye yangu ya ufundi hapa Songo saa mbili. Redio tatu, zote za betri. Mteja ameniuliza tena habari za kiwanda cha ng'ambo nilikofanya kazi. Nikaeleza kama kawaida: utepe wa aluminiamu unachovywa kwenye dawa, unaokwa, dawa inageuka polima, plastiki inayopitisha umeme. Hiyo ndiyo kondansateri, kikopo cha kutunza umeme. Wananiita Injenia. Kazi ile niliiona kupitia kioo tu. Miezi kumi na minne nilikuwa nafunga makartoni.

Jumatano, tarehe 6
Mama Neema, muuguzi wa kituo cha afya cha Kiringye, ameleta foni yao. Mtandao wa simu umekatika tangu vita. Foni ndiyo redio ya kuitia ambulansi. Kondansateri mbili zimevimba. Sina za namna ile. Nikang'oa za polima kwenye kompyuta mbovu. Zimeandikwa volti sita. Foni inatumia kumi na mbili, mara mbili ya zinazoweza kubeba. Niliona. Lakini watu walijaa mlangoni, nikawaambia polima haina maji ndani, haiwezi kupasuka. Foni ikasema. Wakapiga makofi. Mama Neema akaondoka nayo kwa pikipiki.

Alhamisi, tarehe 7
Pikipiki mbili zimepita kwenda Kiringye. Ningeweza kumpa dereva ujumbe: msiiwashe. Sikumpa. Ingebidi nieleze.

Ijumaa, tarehe 8
Risasi bondeni tangu asubuhi. Barabara imefungwa. Nimeshindwa kula.

Jumapili, tarehe 10
Wamefika. Mama Neema na wanaume wanne wamebeba kipoyi, machela ya miti, juu yake mjamzito, Riziki. Foni ilitoa moshi juzi, katikati ya kuita ambulansi. Wakatembea siku mbili mashambani wakikwepa barabara. Mtoto amezaliwa hospitali ya hapa akiwa amekufa. Riziki yu hai.

Baadaye Mama Neema akaja atelye, matope mpaka magotini.

"Injenia, unisamehe. Nazani ni minye niliunga batri mubaya."

Nikamwambia haina shida.

Yaani nilimsamehe. Mimi.

Jumatatu, tarehe 11
Sikufungua. Nimelala uso ukutani. Mwongo. Mwoga.

Jumanne, tarehe 12
Nimekwenda hospitali. Nikamwambia Mama Neema yote, nimesimama koridoni.

"Kumbe weye hauko injenia?"

"Hapana, mama. Na ile namba niliiona."

Akanishika mkono wa shati, akanipeleka kitandani kwa Riziki. "Umwambie yeye."

Nikamwambia. Riziki akauliza kama ambulansi ingewahi. Nikasema sijui, pengine. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, tarehe 15
Nilizunguka maduka ya Rugenge siku mbili mpaka nikapata kondansateri za volti ishirini na tano. Mama Neema ameleta foni, waliyokuja nayo siku ile. Fundi mwingine amekimbilia Burundi, kwa hiyo mama hana pengine pa kuipeleka. Alikaa karibu nami muda wote.

"Soma namba, nisikie."

Nikasoma. Akavaa miwani, akasoma mwenyewe. Tukaiacha inawaka mpaka jioni. Akaichukua, hakuniaga.

Jumapili, tarehe 17
Bonde limetulia. Nimepita hospitali baada ya misa. Riziki ameruhusiwa jana, ndugu zake wamemchukua. Msikilizaji wa foni ya hospitali anasema Kiringye wameita asubuhi, sauti safi, wanaomba dawa za malaria. Nikamshukuru. Nikarudi kwa miguu, kandokando ya ziwa.