Jino la Mbele la Gunvor

Haparanda, mwezi wa pili

Mdogo wangu Gunvor,

Kabla ya salamu, nikwambie kwamba kuna jambo la jino lako la mbele nililokuficha miaka mingi, nami sitaki kwenda nalo kaburini. Sasa nikusalimu. Goti linaendeleaje na mvua za Göteborg? Mimi moyo umechoka; daktari haniahidi kwamba nitaiona theluji hii ikiyeyuka. Utanisamehe mwandiko.

Nimekuwa nikikumbuka ulivyoanguka na kile kiti cha kusukuma barafuni, nusu ya jino ikabaki mtoni. Nilikuwa daktari mpya wa meno, na nikakwambia usubiri giza la majira ya baridi liishe, jua lirudi, maana rangi ya kuzibia jino la mbele haichaguliwi kwa taa. Machi nikakukalisha dirishani nikilinganisha vipande vya rangi, mama amesimama nyuma yangu akilalamika kwamba nyeupe mno hiyo, Evert, unataka mtoto afanane na farasi?

Ukaolewa, ukahamia kusini. Mwaka haujaisha Holger akanipigia simu akicheka: shemeji, mbona mke wangu umemziba kwa jibini? Juni ukaja kwa treni. Nikakwangua, nikaziba upya, kisha tukakaa ngazini na mama usiku wa kaskazini usio na giza, wewe na kibonge cha sukari katikati ya meno, ukifyonza kahawa kutoka kwenye kisahani. Ikawa desturi. Kila Juni jino limegeuka manjano, kila Juni uko ngazini. Holger alipotaka uende kwa daktari wa huko, ulimjibu kwamba jino hilo ni la kaka, aangalie yake.

Halafu mwaka ule ukafunika kikombe kwa kiganja. Ukasema umeacha kahawa tangu Krismasi, kwa ajili ya jino. Mama akaweka birika chini, akasema basi huyu si mwanangu tena, mrudisheni hospitali mlikomtoa. Tulicheka. Jino lilikuwa manjano vilevile. Ukauliza kama ni chai, nami nikasema labda. Ukaacha na chai.

Nilipostaafu ukazibwa huko huko, na Juni zikapita bila wewe. Mama alifariki, ngazi nikazipaka rangi peke yangu. Ukaniandikia kwa furaha kwamba jino halibadiliki tena, kuacha kahawa hatimaye kumesaidia. Barua ile sikuijibu.

Nisalimie Holger, umwambie jibini yake bado naikumbuka. Wanao na wajukuu nawakumbatia wote. Sasa, mdogo wangu, inuka uteleke kahawa, nzito kama ya mama. Ing'ate sukari yako, ndipo usome yaliyobaki.

Haikuwa kahawa. Dawa ile niliyokuzibia, ya kuchanganya kutoka vikopo viwili, hugeuka manjano yenyewe kutoka ndani, hata ungekunywa theluji tupu. Ile nyingine, inayokaushwa kwa taa ya buluu na kushika rangi yake miaka mingi, ilikuwa kwenye droo yangu tangu kiangazi chako cha tatu. Niliwazibia mji mzima, hata mchungaji. Wewe peke yako niliendelea kukuchanganyia ya zamani, ili Juni upande treni.

Kaka yako,
Evert