Nitakufa ku Sinema

Kasongo, 6 Agosti 1956

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Huku tuko wazima, vumbi tu ndilo linatukohoza. Mgongo wako unaendeleaje?

Baba, mapadri wametuazima mashine, na kwa jioni tatu tutaonyesha filimu fupi tulizopiga wenyewe, sisi watu wa hapa. Yangu ni Jumamosi tarehe 18, uwanja wa mpira. Ndani yake mimi mwenyewe ndiye mwindaji. Mnasema kila siku kwamba ninacheza tu. Njooni muone kazi yangu! Mwambie mama asikose: siku hiyo nitakufa ku sinema.

Mtoto wako,
Musafiri

Wamaza, 11 Agosti 1956

Mwanangu,

Salamu nimezipokea. Mgongo unauma, sarufi yako inauma zaidi. Watoto wa wenzangu niliwafundisha wakaandika vizuri, wangu ananiletea “ku sinema”! “Ku” ni nini? Nimeifuta, nimeweka “kwa”, ndipo nikamsomea mama yako, maana barua mbovu haisomwi nyumbani mwangu. Habari za mwindaji nimeziruka. Tangu lini wewe umeua hata panya?

Sitakuja kutazama vivuli juu ya shuka. Mama yako naye, tangu nimsomee, hali wala hasemi. Nadhani sarufi yako imemsikitisha.

Baba yako,
Dominique

Kasongo, 20 Agosti 1956

Baba,

Salamu. Hatujambo, ila mimi shavu limevimba.

Mama alifika Jumamosi jioni, ametembea kwa miguu hadi Lusangi, kisha akabebwa kwa baiskeli ya Asani muuza samaki. Filimu ilikuwa imeanza. Akamuuliza mke wangu Pascaline: “Musafiri iko wapi?” Pascaline akajibu bila kugeuka: “Huyu hapa, mama, anakufa sasa hivi.”

Kwenye shuka nyoka alikuwa ameniuma. Mama akapita juu ya watu, akaikamata shuka kwa mikono miwili: “Wewe Sinema, mwachie mwanangu!” Ikapasuka katikati. Nikakimbia kutoka penye mashine. Akanishika kichwa, akanitazama, akanipiga kofi. “Nimekulilia njia nzima, na wewe iko unatafuna karanga!”

Anasema ulimsomea kwamba nitakufa kwa sinema, kama mtu afavyo kwa homa. Baba, mimi sikuandika hivyo.

Filimu itarudiwa tarehe 1 Septemba; watu wanauliza kama yule mama wa shuka atakuwapo. Yeye anasema: “Aliyemuua mtoto wangu ni baba yake. Sirudi Wamaza mpaka aje mwenyewe, aone mtoto anavyokufa vizuri.”

Mtoto wako,
Musafiri

Wamaza, 26 Agosti 1956

Mwanangu,

Sijambo, kadiri mtu anayejipikia majani ya sombe yenye mchanga anavyoweza kuwa hajambo. Majirani wananiuliza mke wangu yuko wapi. Nikiwajibu, “Amekwenda kwa Sinema,” wananiuliza huyo Sinema ni nani, na amemwoa lini. Jana Placide, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kusoma, aliniletea kuku na kunipa pole.

Neno sahihi lilikuwa “katika”. Hilo utamweleza mama yako polepole, tena pasipo watu.

Kamyo inayobeba pamba inaondoka Alhamisi; nitaipanda. Shoneni shuka hiyo vizuri; sitaki kutazama filimu kupitia tundu. Maneno yanayofuata umsomee mama yako kama yalivyo, usirekebishe hata herufi moja:

Marguerite, niko nakuja ku sinema.

Baba yako,
Dominique