Madam Alikufa Juu ya Nini

Madam Nakiru,

Ejok. Najua hutajibu, na hilo bado sijalizoea, maana kila nilipokusalimu asubuhi pale langoni ulikuwa na jibu, na baada ya jibu utani. Ulisema Kiswahili changu kilitoka Bungoma kimevaa tai, na joto la Kakuma litakivua siku moja. Limekivua, Madam. Acha nikueleze.

Unamkumbuka Furaha, yule msichana Mkongo wa gredi ya saba. Niliwapa darasa ufahamu wa mbuzi aliyepanda mwamba akiwakimbia mbwa. Swali la tatu: Mbuzi alikuwa juu ya nini? Furaha akaandika: Kwa sababu mbwa walimfukuza. Nami, bwana sanifu, nikampiga kosa jekundu, kisha nikalisoma jibu lake mbele ya wote kwa sauti ya maigizo. Darasa likavunjika mbavu. Tangu siku ile hakufungua mdomo. Zamu yake ya kusoma ikifika, aliinamia kitabu mpaka nimruke.

Wewe hukucheka. Ulilichukua daftari lake ofisini, ukalisoma, ukaniangalia.

"Wewe, huyu mtoto amejibu vizuri. Wamama wa Kongo huko soko wananiuliza kila siku, juu ya nini hutaki kitenge yangu. Kwao hiyo ni kwa nini."

Nikalichukua daftari, nikalisoma upya. Halafu ukaongeza: "Umefanya achekwe mbele ya darasa. Omba msamaha mbele ya darasa."

Nikasema kesho.

Nilisema kesho wiki tatu. Nilikuwa na visingizio vyangu, vyote vya kipuuzi: eti mwalimu akiomba msamaha, watoto watampanda kichwani. Tukinywa chai, ulikuwa ukinitazama tu. Jumapili ile ukaanguka kanisani, wakakukimbiza hospitali Lodwar, na kabla hatujapata gari la kukufuata simu ikaja. Tukakuzika kwenu Lokori. Nilishika koleo huku nalia, wala sikujali nani ananiona.

Kiti chako hakuna anayekikalia. Kile kikombe chako cha bati nimekificha kwenye kabati langu, asije mtu akakinywea.

Tuliporudi, niliingia gredi ya saba niwaambie. Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni kwamba Madam Nakiru amefariki. Nilipogeuka, Furaha alikuwa ameinua mkono. Furaha, Madam!

"Mwalimu, Madam alikufa juu ya nini?"

Mmoja nyuma akaanza kucheka, akanyamaza mwenyewe.

"Juu ya moyo," nikamjibu.

Moyo wako ulikuwa mgonjwa na hukutuambia.

Kisha nikamwomba msamaha, kwa jina lake, mbele yao wote. Nikawaambia kwamba siku ile ya mbuzi, mimi ndiye niliyeshindwa kusoma. Hakuna aliyenipanda kichwani. Furaha alisema tu, "Ndiyo, Mwalimu," akafungua kitabu bila kuitwa, akasoma ukurasa mzima. Alikwama kwenye neno "mng'ao". Nikasubiri, kama ulivyokuwa ukiwasubiri wewe, mpaka akalipata mwenyewe.

Kinachoniuma ni kwamba hukumsikia. Ningeomba msamaha siku uliyoniambia, ungekuja kusimama mlangoni na kikombe chako, ukamsikia. Nilikunyima hilo kwa kiburi changu. Nisamehe na wewe.

Nakuahidi kalamu yangu nyekundu haitagusa daftari kabla sijamuuliza mtoto amelisomaje swali. Na neno kesho, kwa jambo kama hili, sitalisema tena.

Lala salama, Madam. Wenzetu wakiniuliza juu ya nini nakaa na daftari moja la mtoto mpaka chai inapoa, nitawaambia: juu yako.

Wafula