Bunduki Iliyozoea Ukuta wa Jiko Lako

Mke wangu, Mama Zuhura,

Dua nakuombea kila baada ya swala, hizo naamini zinafika. Haya mengine ni ya nyumbani, na hapa nyumbani sina wa kumwambia, ndiyo maana nayaandika.

Ile bunduki imetengemaa. Najua ungesema, "Ehee, bunduki kwanza, mie baadaye!" Subiri nikueleze, kwa sababu habari ya bunduki mwaka huu imekuwa ndiyo habari yangu.

Tangu ulipotutoka, nguruwe wamelijua shamba. Wanaingia alfajiri, wanafukua muhogo bila haraka, utadhani wameupanda wao. Zuhura alikuja kutoka Makorora, akayaona matuta yalivyofumuliwa, akashika kiuno vile vile ulivyokuwa ukishika wewe. "Baba, wakikushinda na kipupwe hiki, naja na gari nakuchukua. Ukae kwangu, ule, ulale. Sitaki maneno." Nikakubali, maana nilijua bunduki ipo. Sitaki kwenda Makorora, mke wangu. Kaburi lako liko hapa nyuma ya michungwa, na anayelipalilia ni mimi.

Basi nikaitoa shotigani ya marehemu baba. Unaijua, ile ya pampu, kongwe kuliko ndoa yetu: unavuta nyuma mbao iliyo chini ya mtutu ganda litoke, unaisukuma mbele risasi nyingine iingie. Kwa kutoguswa tangu msiba wako, mtutu ulikuwa umeota kutu na kitako kimepasuka. Nilisugua kwa msasa kutwa nzima, nikaziba ufa kwa gundi, nikapaka mafuta ya nazi kama nilivyopaka miaka yote. Ikang'aa, nikajiona fundi. Alfajiri nguruwe walipoingia nikavuta mbao, haikwenda. Nikavuta tena mpaka bega likalia. Nguruwe mmoja aliinua kichwa, akanitazama, akaendelea kula.

Jua lilipopanda, mbao ikateleza kama hakuna lililotokea.

Nikachukua kibali kituo cha polisi, nikaipeleka Tanga mjini kwa fundi wa silaha. Karakana yake ni ya mabati, na nilifika mchana, joto la kuchemsha ubongo. Akaifungua juu juu, akabadilisha springi, akavuta mbao, ikaenda na kurudi vizuri kabisa. "Mzee wangu, mbona yateleza? Labda alfajiri huwa hujanywa chai." Tukacheka. Nikairudisha, na alfajiri ikagoma. Nikazilaumu risasi kwamba zimevimba kwa unyevu, nikaleta mpya, ikagoma. Nikarudi kwa fundi, mchana tena, ikateleza tena. Safari hii hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko utani. Njiani kurudi huku nyumbani Muheza nilianza kuamini kwamba ubovu ni wangu, mikono imekwisha nguvu, na Zuhura ana haki.

Asubuhi moja ya baridi miguu iliniuma, nikaitafuta chupa yako ya mafuta ya nazi nijichue. Yamebaki kidogo chini. Nikaipindua, hayakutoka, yameganda, meupe pe. Nikaiweka dirishani juani, kama ulivyokuwa ukifanya kila kipupwe, na mkono haujaiachia chupa nikajikuta nacheka peke yangu. Ndani ya bunduki mlikuwa na mafuta yale yale.

Na ulinigombeza sana, kwa lafudhi yenu watu wa Kigombe. "Bwana wee, chuma chako hicho chala mafuta kuliko ngozi yangu. Mie wataka nijipake nini, majivu?" Nikawa nakuibia tu ukigeuka. Miaka yote hiyo yameshikana humo ndani, tabaka juu ya tabaka, kama ukoko wa wali.

Lakini mbona zamani haikukwama? Kipupwe hakikuanza mwaka huu. Hilo lilinisumbua hata chakula nikakiacha, mpaka nilipokwenda kuirudisha bunduki sandukuni. Lile sanduku la kufuli limeegemea ukuta wa chumbani kwetu, na upande wa pili wa ukuta ni jiko lako. Wewe uliamka kabla yangu, ukakoka moto, ukanichemshia maji ya kutawadhia. Nilipoamka mimi, ukuta umepata moto, sanduku limepata moto, bunduki inateleza, nami najisifu kwa matunzo yangu mazuri. Siku hizi nachemsha chai kwa gesi sebuleni. Jiko halijawashwa tangu matanga yako. Nikauwekea ukuta kiganja, ukawa baridi kama ukuta wa nyumba isiyo na watu. Nililia, Mama Zuhura. Sikujificha, maana ningemficha nani?

Ningeweza kukoka moto kila alfajiri, nikaendelea hivyo hivyo. Nilikaa na wazo hilo kutwa. Mwishowe nikaifungua bunduki yote, nikaisafisha kwa petroli na mswaki mkuukuu. Mafuta yakatoka vipande vipande, manjano, yamechacha, lakini bado harufu ni ya nazi, nazi ulizokuna wewe. Kila kipande nilikiangalia kabla ya kukifuta. Iliniuma. Kisha nikapaka mafuta ya mashine, ambayo hayanuki kitu ila gereji.

Alfajiri iliyofuata mbao ilikwenda. Nikamwangusha dume mmoja, wengine wakatoka mbio na hawajarudi. Nikampigia simu Petro, jirani yetu, aje na kamba yake. Nilikumbuka ulivyokuwa ukisimama kizingitini na kanga puani, ukipaza sauti, "Petro! Mlutheri wee, njoo uchukue mboga yako, mume wangu asije akaigusa!" Petro naye amekukumbuka. Alimfunga mnyama wake, akatazama mlangoni, akaondoka bila utani.

Halafu nikampigia Zuhura. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nimezipanga hoja zangu zote: muhogo, michungwa, kaburi. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, Baba. Kama umewaweza, basi kaa." Akaniombea afya, akakata simu.

Nimeshinda, mke wangu. Shamba bado letu, muhogo umesimama, na hakuna tena anayekuja kunichukua. Nilitaka Zuhura abishe kidogo tu.

Mola akupumzishe pema.

Mumeo,
Baba Zuhura