Sauti Iliyotangulia Kutoka Eda

Mkunazini, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Na wewe Shafii, mdogo wangu, najua ndiwe unayemsomea, salamu zako zimo humu humu. Soma polepole, usiruke mistari. Mama, mguu bado unauma? Unakula, au unawaambia watu kwamba umekula? Nakuuliza kama mtu atakayejibiwa sasa hivi, wakati najua maneno haya yatakaa njiani kabla hayajakufikia. Mimi mwili mzima. Moyo siwezi kuusemea.

Tangu ile telegramu ya kifo cha baba inifikie, naye keshazikwa, nimekuwa nikikuandikia barua fupi fupi, mistari ya kuonyesha tu kwamba nipo. Leo nataka nikuandikie kama tunavyokaa jikoni mimi na wewe, tukichambua dagaa na kuongea.

Nyumba waliyotupa ni kubwa, ya zamani, kuta zake nene hata mtu akiita chini, wa juu hasikii. Tuko wanne, kila mmoja na utafiti wake. Mwinyi ni mtu wa Tanga, msomi wa sheria, anakusanya habari za mirathi na mashamba ya wakfu. Daktari ni Mnyakyusa wa Tukuyu, anachunguza ugonjwa wa matende. Wa tatu ni Mjerumani, mhandisi, amekuja kwa ajili ya yale maghorofa marefu yanayojengwa Michenzani, naye anataka kujua watu wa hapa huishije ndani ya nyumba zao. Wa nne ni mimi mwanao, mwokota maneno, nimepewa maneno ya wanawake ambayo wanaume hawayasikii.

Ukitusikia mezani utadhani ni baraza la wakubwa. Huyu wosia, huyu mbu, huyu saruji, na mimi na misamiati yangu. Ni watu wazuri, mama, siwasengenyi. Lakini siku niliyowaambia kwamba baba amefariki, Mwinyi alinipa pole, kisha akaniuliza kwa upole sana watu wa kwetu Ujiji wanagawaje urithi. Daktari akauliza marehemu alikuwa akiumwa nini. Mjerumani, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, akauliza nyumba yetu ni ya udongo au ya matofali. Nikawajibu wote watatu, nikaenda chumbani kwangu. Hakuna aliyetaka kuniumiza. Ila nililia kwa upweke zaidi kuliko kwa msiba, na nadhani hilo unalielewa.

Sasa nikueleze habari za Bi Time. Ni mjane, nyumba yake iko Ng'ambo, upande wa pili wa mji, karibu na hayo maghorofa. Mumewe alikuwa seremala wa kuchonga milango, amekufa wiki chache baada ya baba. Yumo eda kama wewe. Mkuu wetu wa chuo aliyeko Dar es Salaam anataka sana maneno ya eda, kwa kuwa hakuna mwanamume awezaye kuingia kuyasikiliza. Nilipomwomba ruhusa ya kuja kwako, alinijibu kwamba nimpelekee kwanza sauti za eda, ndipo niende kwetu. Basi nikawa nakwenda kwa Bi Time kila siku na ile mashine ya kunasia sauti, nzito kama mtoto aliyelala.

Ukoo wao una desturi kali. Wakati wa eda sauti ya mjane haisikiwi na mwanamume yeyote, hata mtoto wa ndugu yake. Muuza samaki akipita na kupiga kelele, Bi Time hugonga ubao wa dirisha mara moja akitaka, mara mbili akiwa hataki. Mimi nilimwambia mashine ni ya kazi yangu, akakubali. Alinisimulia mengi, alivyovishwa nguo za eda, anavyolala, anavyomwombea marehemu. Wenzangu nao hawakuniacha nitoke mikono mitupu. Daktari, "Mtazame miguu yake." Mwinyi, "Muulize shamba lao la Bububu limeandikwa jina la nani." Mjerumani alitaka kujua kwenye ghorofa mwenye eda atakaa chumba gani. Nikawa napeleka maswali yao kama mchukuzi wa bandarini.

Jioni nilikuwa nazungusha utepe pale sebuleni ili niandike maneno. Wenzangu wakaja mmoja mmoja na vikombe vyao vya chai, wakakaa, wakasikiliza. Wallahi mama, desturi ile haikunipitia kichwani. Nilikuwa nimezama kwenye maneno, nikamsahau mwenye maneno.

Asubuhi moja Daktari akanipa chupa ya dawa aliyoinunua Darajani. Akasema nimpelekee Bi Time, ni ya kifua. Nikaipeleka kwa furaha.

Bi Time aliitazama chupa, akaniuliza, "Ya nini hii?"

"Ya kikohozi, Bi. Daktari wetu anasema kile kinachokukata katikati ya maneno."

"Kajuaje kama chanikata katikati ya maneno?"

Akaitazama mashine, akanitazama mimi.

"Kanisikia," akasema. "Na wengine je?"

"Wote watatu, Bi."

Hakupiga kelele. Aliweka chupa chini taratibu. "Lo! Mie nimo ndani, sauti yangu ishatoka eda."

Nilirudi nyumbani nikawaeleza wenzangu. Hapo ungecheka, mama, kama si mambo ya kulia. Mwinyi alisema vitabu vya fiqhi anavyovijua havitaji mashine, kwa hiyo hakuna kosa. Mjerumani akasema ile si sauti hata kidogo, ni unga wa chuma juu ya utepe. Daktari akasema sauti hutoka kifuani, na pale sebuleni kifua hakikuwapo. Wakabishana mpaka chai ikapoa, kila mmoja na elimu yake, na kila mmoja alikuwa na haki kwa upande wake. Nikazibeba hoja zao zote tatu hadi kwa Bi Time, nikidhani zitampoza.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Waambie wenzio wamesoma, Mungu awazidishie. Lakini aliyesikia kasikia."

Kisha akaongeza, na sauti imemshuka, "Mwanamme wa mwisho kunisikia ni marehemu. Alinambia nimpe maji, nikamwambia haya haya, nakuja. N'litaka hayo yawe ya mwisho mpaka nitoke. Hayo tu."

Shafii, pumzika hapo kidogo, mpe mama nafasi.

Mama, utepe ule ndio uliokuwa ruhusa yangu ya kuja kwako. Bila huo, mkuu atasema sijafanya kazi, na nafasi yangu chuoni sijui kama itabaki. Nikamwambia Bi Time hayo yote, si kwa kumwomba, ila sikutaka kumficha. Halafu nikamwambia, "Bi, nikiufuta, hautasikika tena na mtu yeyote."

Nilidhani atanishukuru. Yeye akaniuliza, "Mamako naye yumo eda?"

"Naam, Bi."

"Nani anakaa naye?"

"Mdogo wangu wa kiume."

"Mtoto wa kike ni nani?"

"Ni mimi peke yangu."

Akanikazia macho. "Basi wewe huku wanikalia mie eda ya nini?"

Mama, tangu baba afe hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa hapa ambalo halikuwa la utafiti. Nililia mbele yake kama mtoto, naye akaniacha nilie, hakuniambia nyamaza. Baadaye tulifuta utepe pamoja. Nilimwonyesha kitufe akakibonyeza mwenyewe, mashine ikazunguka kimya mpaka mwisho. Dawa ya Daktari aliinywa. Alisema dawa haina kosa.

Nimemwandikia mkuu kumweleza kilichotokea, na kwamba nakwenda kwetu. Jibu lake silingojei. Kesho Ijumaa napanda meli ya Dar es Salaam, kisha treni ya Kigoma, na huenda barua hii na mimi tukasafiri treni moja, yenyewe kwenye gunia la posta na mimi kwenye benchi la daraja la tatu. Mwinyi amenifungia mkate wa kumimina wa njiani. Mjerumani amenibebea begi hadi chini na kunambia pole, neno hilo tu, bila swali nyuma yake. Nadhani naye alifikiri.

Nisalimie shangazi aliyekuwekea uji kila asubuhi tangu msiba, mwambie shukrani zake nazileta kwa mkono. Msalimie mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemsomea baba khitima, na jirani yetu mwenye kisima, na bibi mkunga aliyekuzalisha siku niliyozaliwa, ambaye kila nikienda mbali hudai alinambia nisiende.

Mama, siku zako zimebaki chache, na njia ni ndefu. Zikitimia sijafika, watakuja kukuogesha na kukuvisha nguo mpya. Nakuomba uwaambie wangoje. Baba sikumwahi, hata sauti yake ya mwisho sikuisikia. Kukuogesha wewe nataka iwe mikono yangu. Huku nimenasa sauti za wanawake wengi, yako sina, na usiku huwa najaribu kuikumbuka inavyoita jina langu, naanza kuikosa.

Kwa hiyo nikifika mlangoni nikapiga hodi, Shafii nakuomba ukae kimya. Mama, niitikie wewe.

Mwanao,
Zuhura