Dohani Niliyoiziba

Mjukuu wangu Mejumaa,

Marahaba, mwanangu. Sisi huku Waa tu wazima, ila goti la bibi yako halina adabu. Mbuzi mweupe amezaa pacha.

Picha uliyotuma ya ile nyumba kubwa ya kale huko Uingereza nimeitazama hata simu ikazimika. Unauliza dohani zote zile juu ya paa ni za nini. Hilo nalijua, maana moja niliijenga mimi, Diani, ujanani.

Mama mmoja Mwingereza alitaka nyumba kama ya kwao: kuta za mawe, madirisha marefu, na sebuleni meko yenye dohani ya kutolea moshi. Kwetu moshi hujipenyeza kwenye makuti. Basi nilipofika juu nikaona tundu liko wazi, nikaliziba kwa saruji mvua isiingie. Nikajisifu.

Siku ya kuhamia akawasha moto, na joto lile la Januari! Moshi ukatutoa sote nje. Nikajua kazi imeniponyoka. Yeye akacheka, akijifuta machozi.

"Zibua, fundi. Nilipokuwa mdogo, nikitoka shule, niliuona moshi kwanza, ndipo nikajua nimefika nyumbani."

Nikapanda, nikavunja. Moshi ukaelea polepole juu ya minazi, naye amesimama uani akiutazama, kama mtu anayengoja kuitwa ndani.

Nakutumia picha ya jiko la bibi yako, ya asubuhi hii. Usitazame sufuria. Tazama juu ya makuti.

Babu yako