Mkwe Ndani ya Chombo cha Kilimia

Mpendwa mshauri, Mama Pudensiana, naomba msaada, lakini usije ukadhani anayekuandikia ni mtu wa mikosi, la, mimi ndiye mwenye bahati kuliko wote kuanzia Kinyala mpaka mpakani Kasumulu, jina langu lenyewe Nsajigwa kwa Kinyakyusa ni aliyebarikiwa, nimefika Ndola, nimefika Lusaka, nimekula meza moja na Wagiriki, na mwaka jana nilifungua soda pale stendi ya Tukuyu nikakuta chini ya kizibo pameandikwa kwamba nimeshinda kamera ya video, nikaenda kuichukua Dar es Salaam kwa mkono wangu huu, na kizibo nikakitoboa, nakivaa shingoni mpaka leo.

Sasa kwa kuwa siku hizi mambo ni ruksa, na vibanda vya video vimeota Tukuyu kama uyoga, watu wanalipa kuangalia wageni wakipigana mateke, nikasema na sisi tutengeneze yetu, si ya mateke, ya sayansi ya kubuni, tena ya mfululizo, sehemu sita, kila Jumamosi moja. Inaitwa Safari ya Kilimia. Ni miaka mia ijayo, mvua imegoma kunyesha Rungwe (usicheke, ndiyo maana ni ya kubuni), basi wakulima wa ndizi wanaunda chombo na kupaa mpaka kwenye zile nyota za Kilimia, zinazotangaza mvua, kwenda kuidai.

Mama, si tamaa ya fedha. Nilipokuwa mtoto gari la sinema la serikali lilikuwa likija Kinyala mara moja kwa mwaka, wanafunga shuka jeupe kwenye milingoti ya goli la shule, jenereta likianza kunguruma hata mbwa wananyamaza. Filamu zenyewe zilikuwa za kuogesha ng'ombe na kuchimba vyoo, lakini tulizitazama kama harusi. Wakubwa walikaa mbele, sisi watoto tulisukumwa nyuma ya shuka, na ukiwa nyuma ya shuka kila mtu anashika jembe kwa kushoto, nikakua naamini watu wote wa sinema ni mashoto, na mpaka leo nikiona mtu wa mkono wa kushoto namheshimu bila sababu. Mvua ikija, kijana mmoja wa Lufingo aitwaye Ambindwile alikuwa ananibeba mabegani chini ya jani la mgomba ili nami nione mbele. Filamu ikiisha, kama mawingu yametuhurumia, ananionyesha Kilimia na kuniambia, "Kule nako kuna watu, ila gari lao la sinema bado halijafika huku." Maneno hayo nimetembea nayo mpaka Zambia na kurudi.

Nikaitisha mchango baada ya ibada. Watu wa kwetu wanachangia msiba na harusi, ndoto hawachangii, lakini walipokishika kile kizibo wakasema huyu ana nyota, tumfuate. Wakaleta mikungu ya ndizi, mwalimu akatoa redio yake mbovu iwe mtambo wa chombo, na Mzee Ambindwile, ambaye sasa kichwa kimekuwa cheupe, akauza dume lake zima la ng'ombe kwa sharti moja, awe nahodha. Ningemkatalia vipi? Uelekezi wa chombo nikampa Lightness, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyeshona mavazi yote ya angani kwa ile karatasi ya fedha inayotandikwa ndani ya masanduku ya chai, na ndiye peke yake awezaye kusema mbele ya kamera bila kuitumbulia macho. Lightness ni mke wa Dennis. Dennis ni mtoto wa Mzee Ambindwile.

Unaona nilivyojichimbia shimo. Mimi niliyezurura miaka yote ile nilisahau kitu ambacho mtoto wa Kisondela anakijua kabla hajaota meno, kwamba kwetu mkwe wa kike hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hatamki jina lake, ndiyo heshima, tunaiita kutila. Wengi wamelegeza, nyumba ile haijalegeza. Kwenye mazoezi, mzee akiwa hayupo, nilimwambia Lightness aseme, "Nahodha Ambindwile, nyota ziko mbele," yeye akawa anasema, "Nahodha, nyota ziko mbele," kila mara jina linabaki tumboni, nami nikamgombeza kwamba hana kichwa cha kukariri.

Siku ya kupiga picha mzee akaingia kwenye chombo (ni banda la zamani la kahawa) kwa mlangoni, na Lightness akachomoka kwa dirishani kama mshale, na vazi lake la fedha, akatokomea migombani, akina mama waliokuwa wanatoka kuchuma chai wakatupa vikapu wakakimbia.

Mzee akanigeukia. "Nsajigwa, umemleta mke wa mwanangu anitazame mchana kweupe?"

Nikasema, "Tata, huyo humu ndani si mkweo, ni mwelekezi wa nyota."

"Akivua hayo makaratasi ya chai anakuwa nani?"

Nikasema basi nitawapiga picha siku mbalimbali, halafu nitaunga. Akauliza, "Na kwenye video nitakapokaa kutazama, uso wake utakuwepo au hautakuwepo?" Mama, mimi niliyebishana na maaskari wa mipaka mitatu nikajikuta nafuta kioo cha kamera. Akasema nichague, mkwe atoke au dume lirudi.

Lightness nilimkuta nyumbani. "Shemeji, nitoe mimi," akasema. "Yule wa nyumba ya juu ndiye mwenye dume. Nitabaki nashona." Lakini alikuwa analikunja lile vazi polepole, kama unavyokunja nguo za mtoto aliyekwisha kukua.

Dume limeshakuwa kanda na petroli ya jenereta. Nikimtoa Lightness hakuna atakayerudi kutazama sehemu ya pili, na nikimkosa mzee nimemkosa aliyenibeba mabegani. Nifanyeje?

Nsajigwa, Kinyala.

JIBU

Nsajigwa, pole, na ukome. Pole kwa sababu moyo wako ni mzuri. Ukome kwa sababu umemgombeza binti wa watu kwa kukosa akili wakati aliyekosa ni wewe. Anza hapo. Kabla hujagusa kamera nenda ukamwombe radhi Lightness, mbele ya mumewe, na usiende mikono mitupu.

Mimi si wa huko. Nililetwa Tukuyu nikiwa muuguzi kijana, nikalowa miaka minane, na shuka hilo la sinema nimelitazama pia, upande wa mbele. Wodini nimeona mzee mgonjwa akiletewa uji na mkwewe: binti anauweka kizingitini, anakohoa kidogo, anageuka na kwenda zake, mzee anasubiri nyayo ziishe ndipo anyanyuke. Mwanzoni nilidhani wamegombana. Baadaye nikaelewa kwamba pale wodini hakuna mgonjwa aliyekuwa anapendwa kuliko yule.

Sasa wewe una hadithi ya Wanyakyusa wanaokwenda kwenye nyota, halafu kutila umekuacha nyumbani kama mwavuli. Wale wa kanda za kigeni ndio wanaosafiri angani bila wakwe. Wa kwako waende nao. Kitie kizuizi katikati ya chombo: nahodha mbele, mwelekezi nyuma, wasionane hata mara moja kwa sehemu zote sita, wazungumze kwa ile redio ya mwalimu. Jina asilitamke, aseme "wa mbele." Mtazamaji atajua kwamba chombo kikikwama hakuna wa kuvunja kile kizuizi, na hapo atashika roho yake kuliko kwa mateke yoyote.

Swali la mzee kuhusu uso ni la haki. Usilijibu wewe. Mtume mama yake Dennis, azungumze na mumewe kwa wakati wake. Aseme hivi: uso wa Lightness ukikaribia kuonekana, itapigwa kengele, mzee atatoka nje kunywa chai. Wakwe wa Rungwe wamepishana njiani tangu enzi, watashindwa kupishana kwenye video?

Lightness usimtoe. Dume usilirudishe, ila ukivuna, mzee awe wa kwanza kula.

La mwisho. Mtu aliyepata kamera bure, na watu wakamfuata kwa sababu ya kizibo, mbona barua yake imefika kwangu ina madoa ya maji kila ukurasa? Nsajigwa, nyumba yako inavuja. Niandikie tena, ukweli, nami nitauchapa papa hapa chini.

Mama Pudensiana.

MAJIBU YA NSAJIGWA, YALIYOTUFIKIA KABLA YA GAZETI KWENDA MITAMBONI

Mama, ndaga, yaani asante. Lightness amenisamehe, kuku niliyempelekea amempokea. Mama yake Dennis alikwenda kuzungumza na mumewe, akakaa huko mpaka jua likazama, akarudi na neno moja la mzee, kwamba chombo kiwe na milango miwili. Tumetoboa wa pili. Jana tumepiga ile picha ya kwanza, binti nyuma, mzee mbele, na binti aliposema, "Wa mbele, nyota ziko mbele yako," mzee hakugeuka, alinyoosha mkono akakigonga kile kizuizi taratibu mara mbili kuonyesha amesikia. Hilo sikuliandika mimi. Nilishindwa kuzima kamera.

Kuhusu kizibo, sikushinda kitu. Niliuza mabati ya nyumba yangu, nikanunua kamera kuukuu kwa mpiga picha za harusi Mbeya, na kizibo nilikiokota stendi.